Utunzaji wa Mabakuli ya Mti Katika Majiko ya Vyama

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Katoro, Geita)



Chama Kikuu kiliponiandikia barua kuniomba nije Katoro kuzungumza nanyi, sina shaka kwamba wengi wenu mlitazamia nizungumze juu ya vitabu vya hesabu, makisio ya mapato na stakabadhi za pamba. Hayo tutayazungumza wakati wa ukaguzi, wala hamtayakosa. Leo nimechagua jambo la jikoni, nalo ni usafishaji na utunzaji wa mabakuli ya mti. Nimesikia vicheko kule nyuma, hasa upande wa akina baba. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, kwa maana jambo hili limenifundisha kosa langu mwenyewe katika kazi ya ukaguzi, na kosa hilo nitalieleza hapa bila kuficha.

Vyama vingi vya msingi ninavyovitembelea vina jiko, au walau kibanda cha kupikia, kwa ajili ya chakula cha mkutano mkuu na cha siku za kupokea pamba. Katika majiko hayo mna sufuria, karai, ndoo, vinu na michi yake, miko ya kusongea ugali, na mabakuli ya mti ya kuandalia michembe, matobolwa na karanga, au ya kukandia unga. Vyombo hivi vimo katika daftari la mali ya chama. Sufuria hutunzwa kwa sababu kila mtu ajua bei yake. Bakuli la mti hutupwa pembeni kwa kuwa lilichongwa na mzee wa jirani, na watu hudhani ataishi milele akituchongea mengine.

Mti si bati. Mti ulikuwa na uhai, ulinyonya maji kwa nyuzi zake, na hata baada ya kukatwa na kuchongwa nyuzi hizo zaendelea kunywa maji na kuyatoa. Likilowa bakuli huvimba, likikauka husinyaa. Kama upande mmoja wakauka upesi na mwingine bado u mbichi, lazima bakuli lipinde au lipate ufa. Mkishika jambo hilo moja, sehemu kubwa ya utunzaji mwaweza kuifikiri wenyewe bila kuambiwa na mkaguzi.

Tuanze na ununuzi. Mtazameni bakuli kabla hamjatoa fedha ya chama. Kama ndani yake mwaonekana kiini cha gogo, yaani kile kiduara kidogo cha katikati ambamo miviringo yote ya mti huanzia, msilichukue, kwa sababu ufa utaanzia hapo. Fundi mzuri hupasua gogo kwanza, akachonga bakuli upande mmoja wa kiini. Liinueni pia mkononi. Bakuli zito kupita kiasi, lenye ubaridi wa maji, bado ni bichi. Likinunuliwa katika hali hiyo lifungwe ndani ya gunia, likae kivulini majuma kadhaa likauke polepole, na wala lisianikwe juani kwa haraka ya mkutano wa kesho. Ukuta wa ndani ukiwa na makovu ya tezo, usuguliwe kwa msasa mpaka uwe laini, maana chakula hukaa katika makovu. Wazee wetu walisugua kwa majani ya mti uitwao msasa, ambayo ni makavu na yakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Karatasi ya dukani ilirithi jina lake kutoka huko, na majani yenyewe bado hayauzwi.

Sasa kuosha. Bakuli lioshwe mara tu baada ya kutumika, kwa maji vuguvugu, sabuni ya mche kidogo na dodoki. Lisuuzwe, lipanguswe kwa kitambaa kikavu, kisha liegemezwe ukutani mahali penye kivuli na upepo, mdomo ukitazama pembeni ili hewa ipite ndani na nje sawasawa. Kulifudikiza juu ya sakafu yenye maji ni kulinyima hewa upande mmoja. Kuliweka karibu na mafiga ili likauke upesi ndiko kunakovunja mabakuli mengi kuliko yote niliyoyaona. Jua la asubuhi kwa muda mfupi halina madhara. Jua la saa saba la huku kwetu ni adui.

Kosa la pili lililoenea ni kuloweka. Mpishi achoka, wageni wamekwisha kula, vyombo ni vingi. Basi atumbukiza vyote ndani ya pipa la maji mpaka kesho. Sufuria haidhuriki. Bakuli la mti hunywa maji usiku kucha, huvimba, na likitolewa asubuhi na kuanikwa hupasuka. Kama ugali umekauka ndani, mimineni maji ya moto kiasi, subirini dakika chache, halafu sugueni.

Watu huniuliza juu ya majivu. Majivu ni sabuni ya kale na yana nguvu kweli: yakichanganyika na maji hutoa magadi, na magadi yakikutana na mafuta huyageuza kuwa kama sabuni. Lakini magadi hayo hayachagui. Huondoa mafuta ya chakula pamoja na yale mafuta mema tuliyoupaka mti, na yakitumika kila siku bakuli huwa jeusi na nyuzi zake husimama kama manyoya. Basi majivu yawe ya siku moja moja, hasa bakuli likishika shombo. Kwa harufu ya samaki au kitunguu, chumvi na ndimu zatosha: nyunyizeni chumvi, sugueni kwa nusu ya ndimu, acheni kidogo, kisha suuzeni. Sabuni kali ya unga na dawa ya kung'arishia nguo zisiingie kabisa, kwa kuwa mti huzinywa na kesho yake michembe huzitoa.

Wapo vijana waliosoma wanaosema kwamba vyombo vya mti ni vichafu kwa asili na tununue vya plastiki. Hawa nawaheshimu, lakini jambo hilo limepimwa. Mwaka 1994 Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya mbao za kukatia nyama. Waliona kwamba bakteria waliowekwa juu ya mti walivutwa ndani pamoja na unyevu, na wengi hawakupatikana tena wakiwa hai, ilhali katika plastiki iliyokwaruzwa na kisu walijificha na kudumu hata baada ya kuoshwa. Hiyo si ruhusa ya uchafu. Bakuli la kutayarishia samaki mbichi lisiwe lile la kuandalia chakula kilichoiva. Na kinu kisichokauka, chenye unga wa jana katika kitako chake, hufanya ukungu. Ukungu wa mahindi na karanga una sumu isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1996 au kabla ya hapo wengi wetu hatukulijua jina lake, lakini mwaka 2016 sumu hiyo, iitwayo sumukuvu, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Ndugu wanachama, mti huhitaji mafuta. Si kila mafuta yafaa. Samli, mawese na mafuta ya karanga hayakauki. Hubaki majimaji ndani ya nyuzi, huchacha, na bakuli hunuka. Mafuta ya alizeti ni afadhali, kwa sababu yakipakwa kidogo sana na kuachwa siku kadhaa hugandamana polepole na kuwa ngozi nyembamba. Neno kubwa hapo ni kidogo sana. Nimekuta mabakuli yaliyochovywa katika mafuta kama maandazi. Pakeni, subirini nusu saa, futeni yote yaliyobaki juu, kisha acheni. Wenye uwezo wa kufika duka la dawa waweza kununua mafuta meupe yasiyo na harufu, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kunywewa na mwenye tumbo gumu, nayo huitwa likwidi parafini. Hayo hayachachi kamwe. Lakini angalieni sana: ndugu zetu wa Kenya huyaita mafuta ya taa parafini, na mtu aliyeishi upande ule aweza kutumwa dukani akarudi na mafuta ya taa. Hayo hayaruhusiwi katika chombo cha chakula.

Lililo bora kuliko yote tunalo karibu, nalo ni nta. Wafugaji wa nyuki wa Bukombe na Biharamulo huwa nayo. Chukueni fungu moja la nta kwa mafungu manne ya mafuta ya alizeti, kwa uzito. Wekeni katika kopo, na kopo ndani ya sufuria yenye maji ya moto, msiliweke juu ya moto wenyewe kwa kuwa nta hushika moto. Nta huyeyuka mapema, kabla maji hayajachemka. Ikipoa huwa kama mafuta mazito ya kujipaka, na kopo moja latosha mabakuli ya chama kwa muda mrefu. Bakuli jipya lipakwe mara tatu au nne kabla ya kutumika, halafu kila lionekanapo limepauka.

Juu ya dumuzi na bungua nitasema kidogo. Mkiona unga mwepesi chini ya bakuli na vitundu vidogo, litengeni na mengine. Bakuli dogo laweza kutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa robo saa. Wadudu hawastahimili joto hilo. Likipata ufa kwa sababu hiyo, mtakuwa mmepoteza bakuli moja badala ya kumi. Lakini msinyunyizie dawa ya kuhifadhia mahindi, wala dawa ya pamba.

Hapa nakaribia neno lililonileta. Dawa za pamba hupitia katika vyama vyetu, nanyi makatibu ndio mnaozigawa. Nimeona kwa macho yangu mkulima akikoroga dawa kwa mwiko, ndani ya bakuli, kwa kuwa ndoo ilikuwa shamba jingine. Alikuwa na nia ya kuliosha baadaye. Sikieni: kile kile kinachofanya mti unywe mafuta ya alizeti ndicho kinachoufanya unywe dawa ya wadudu. Sufuria yaweza kuoshwa uso wake, lakini bakuli la mti halina uso peke yake. Bakuli lililoshika dawa limekwisha toka jikoni siku hiyo hiyo.

Na kama hivyo ndivyo ilivyo kwa dawa, sasa nieleze habari ya zebaki.

Miaka michache iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi katika ukanda huu wa dhahabu. Sitakitaja jina, wala kisijitaje chenyewe. Daftari la mali lilionyesha mabakuli ya mti 24. Katika ukaguzi wa mwaka uliotangulia nilikuta 19, na nilimwandikia katibu maneno makali katika taarifa yangu: alete mabakuli matano yaliyopungua, au gharama yake ikatwe katika posho yake. Mwaka ule wa pili niliporudi, mabakuli yalikuwa 24 kamili. Nilifurahi. Nilitia alama ya tiki kwa wino mwekundu, na nikamsifu katibu mbele ya bodi. Mchana tukala chakula cha mkutano, nami nilikula karanga kutoka katika mojawapo ya mabakuli hayo.

Baada ya chakula, mama mpishi, mtu mzima aliyekuwa akipikia chama hicho tangu zamani, aliniita nyuma ya kibanda. Aliniambia, "Baba Mkaguzi, njoo uone. Bakuli hili lina macho." Akaligeuza kwenye jua. Katika ufa mwembamba wa kitako chake mlikuwa na vitone viwili vya kung'aa kama fedha, vikubwa kama punje ya ulezi. Alipoligonga kwa kidole vikasogea.

Katibu alipoulizwa hakuficha. Mabakuli yale matano yalikuwa yameazimwa na kijana wa mwanachama mmoja, akaenda nayo kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu. Mnajua kazi ilivyo. Mawe husagwa katika karasha, unga wake huoshwa, na mchanga mzito unaobaki hutiwa zebaki ili ikamate chembe za dhahabu. Kwa kawaida kazi hiyo hufanyiwa katika karai au beseni la plastiki, lakini siku zile watu walikuwa wengi na vyombo vichache. Kijana alitumia mabakuli ya chama, na yalipodaiwa akayaosha kwa sabuni, akayasugua kwa mchanga, akayarudisha kwa unyenyekevu. Katibu alijua yalikotoka. Kwa nini aliyapokea? Alinijibu mbele ya bodi nzima: "Uliandika yarudi, yamerudi."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimehesabu mabakuli, wala sikuuliza yalikuwa wapi. Zaidi ya hayo, ukali wangu ndio uliomfanya mtu mwema aone hasara ya bakuli moja ni kubwa kuliko sumu ndani ya chakula cha wanachama.

Mama mpishi alikuwa na shauri la haraka. Bakuli bovu siku zote huwa kuni, na jiko bado lilikuwa na moto. Alikuwa amekwisha liinua. Nilimzuia kwa kulishika mkono, jambo ambalo si adabu kwa mama wa umri ule, na nilimwomba radhi baadaye. Zebaki huchemka kwenye joto la nyuzi 357, na moto wa kuni hupita hapo kwa urahisi. Kulichoma bakuli lile ndani ya kibanda ni sawa na kuigeuza sumu yote kuwa mvuke kwa mara moja, na mvuke huo hauna rangi wala harufu.

Yafaa tuelewe jinsi inavyodhuru, maana vijana wa machimboni wana hoja yao. Husema, "Fulani alimeza tone, na yu mzima." Yawezekana ni kweli. Zebaki ya majimaji ikimezwa, karibu yote hupita tumboni bila kuingia katika damu. Lakini mvuke wake ukivutwa kwa pumzi, takriban asilimia 80 huingia katika damu na kupanda hadi ubongoni. Tena haihitaji moto ili itoe mvuke. Tone lililoachwa wazi ndani ya nyumba hutoa mvuke polepole mchana na usiku, nao moto wa jiko huharakisha tu. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu husahau na kukasirika bila sababu, figo huharibika. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Sasa fikirini ni nani wanaokaa jikoni.

Habari hii si ngeni katika wilaya yetu. Kuanzia mwaka 2002, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilikuwa na mradi wa zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, na mahali palipochaguliwa hapa nchini palikuwa Rwamagasa, jirani zetu. Mji wa Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 ulitangazwa ugonjwa ulioletwa na zebaki ya kiwandani iliyoingia katika samaki, umetoa jina la mkataba wa mataifa uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Nchi yetu iliuridhia mwaka 2020. Nayasema haya ili asije mtu akadhani mkaguzi ameota.

Je, bakuli lile laweza kusafishwa? Nimeulizwa swali hili kila nilikokwenda, na jibu ni hapana. Zebaki ni nzito. Lita moja ina uzito wa kilo 13.6. Huzama katika kila ufa na kila kitundu cha nyuzi, kisha hugawanyika vitone vidogo visivyoonekana. Sabuni haiyeyushi madini. Majivu, ndimu na chumvi havifanyi kitu. Maji yanayochemka huongeza mvuke, na maji ya kusuuzia hupeleka sumu kisimani na shambani. Wala msiseme, "Sisi hatuoni vitone, kwa hiyo letu ni salama." Mama yule aliviona kwa bahati ya jua. Mabakuli mengine manne hayakuonyesha chochote, na yote yalitolewa jikoni. Hukumu hiyo hiyo yahusu kinu kilichosagia mawe ya dhahabu yaliyotiwa zebaki, na vijiko na vikaango vilivyochomewa dhahabu. Hata kama ni vya chuma, visirudi kupikia.

Tulichofanya siku ile ni hiki. Mabakuli matano yalitiwa katika mifuko mizito ya plastiki, ikafungwa, ikawekwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, na ndoo ikaandikwa SUMU kwa rangi nyekundu. Iliwekwa katika banda lililo mbali na jiko na ghala la chakula, mlango ukafungwa kwa kufuli. Bodi iliandika barua kwa afisa wa afya wa wilaya, na nakala kwa ofisi ya madini, kuomba maelekezo, kwa kuwa si kazi ya chama cha msingi kuzika sumu kwa shauri lake chenyewe. Kibanda kilifagiwa kwa matambara yaliyolowa, si kwa ufagio mkavu, kwa maana ufagio hutawanya vitone. Matambara yale nayo yaliingia katika ndoo.

Kijana mwenyewe aliitwa. Baadhi ya wajumbe walitaka alipe na mama yake afukuzwe uanachama. Mama huyo alisimama akasema kwamba mwanawe huchomea dhahabu nyumbani kwake, juu ya mafiga yale yale anayopikia wajukuu, na yeye hakujua kuwa ni vibaya, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mkutano ulinyamaza. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kumfukuza. Walikubaliana kijana achonge, au anunue, mabakuli matano mapya, na asichome tena dhahabu ndani ya nyumba. Kuhusu hilo la pili chama hakina mamlaka, lakini mama alikuwa nayo.

Sasa nieleze taratibu ninayoiomba katika vyama vyote vya eneo hili, nami nimekwisha iweka katika fomu zangu za ukaguzi. Katika daftari la kuazima vyombo, ongezeni safu moja. Mbali na jina, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, andikeni chombo kimekwenda kufanya kazi gani. Chombo cha jikoni kipigwe chapa ya chuma cha moto, herufi J chini ya kitako, kingali kipya na safi. Chombo chenye chapa hiyo kisitoke kwenda shambani wakati wa kupiga dawa, wala machimboni kwa kazi yoyote. Kikitoka kwa siri na ukweli ukajulikana, kisirudi. Mwenye kusema ukweli asitozwe zaidi ya bei ya chombo kipya.

Na kwa makatibu: bakuli lililotolewa jikoni kwa sababu ya sumu si upungufu wa mali. Andikeni tarehe, sababu na majina ya mashahidi wawili, bodi ipitishe katika kikao, nami nitalifuta katika daftari bila kukata posho ya mtu. Katibu wa chama kile nilimwandikia barua ya kuondoa maneno yangu ya mwaka uliotangulia, na nakala imo katika jalada la chama. Kama yupo hapa mwenye chombo cha namna hiyo ghalani kwake, aje anione faragha kabla sijaondoka kesho. Nimekuja na fomu za kutosha.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Mama mpishi niliyewaeleza amekubali kusafiri nami mpaka hapa, na yuko pale mlangoni na kopo lake la nta. Kwa ruhusa yako, tutoke nje atuonyeshe namna ya kuiyeyusha na kuipaka, na maswali yaulizwe huko huko kazi ikiendelea.